Nilimwambia mkabaji "samahani"

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, umri miaka 42, nina mke na watoto watatu. Tunakaa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Barua hii nimeisitasita wiki tano, na mke wangu hajui kama naiandika.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa natoka Ukonga kwa dada yangu na kijana wangu wa pili, yupo darasa la tano. Tulishuka kwenye daladala kama saa moja na nusu usiku. Kutoka kituoni hadi kwangu kuna njia mbili: ya barabarani yenye maduka, na ya mkato inayopita kati ya ukuta wa ghala na uwanja wa kufyatulia matofali. Tukakata pale kama tulivyozoea. Mimi nilikuwa na begi lenye karatasi za mtihani wa kidato cha pili, arobaini na tatu, za kusahihisha Jumamosi. Mtoto alibeba mfuko wa maembe aliyopewa na shangazi yake.

Tulipofika katikati ya ukuta, mtu akanigonga bega kwa nyuma. Mjomba, unajua nilifanya nini? Nilisogea pembeni nikamwambia, "Samahani kaka." Nilidhani nimemzibia njia. Hata sijamaliza kusema "kaka", mkono ukawa shingoni. Roba. Mwingine akatokea mbele, akaanza kunipapasa mifukoni taratibu, kama fundi anayempima mteja suruali. Hawakufoka. Walisema kwa upole kabisa, "Tulia mzee, tulia." Nami nikatulia. Masikio yalivuma, miguu haikuwa yangu tena, mikono ninayo lakini haifanyi kitu.

Aliyefanya kitu ni mtoto. Aliangusha maembe, akamrukia yule wa mbele na kumng'ata mkono. Yule akapiga ukelele, akamchoma kwa bisibisi juu kidogo ya kiwiko, kisha wakatoka mbio na simu yangu, shilingi 86,000 na begi. Nilipopata pumzi nilikuta niko chini, maembe yametapakaa, na mtoto anavuja damu ananiuliza, "Baba, umekufa?"

Begi liliokotwa kesho yake mtaroni, karatasi zimelowa na wino umetambaa. Wanafunzi wamerudia mtihani. Niliwaambia zilinyeshewa.

Jeraha la mtoto limepona. Shuleni anasimulia, na nimemsikia hata akiwasimulia wenzake hapa nje: katika hadithi yake kuna wezi wawili, kuna bisibisi, kuna yeye. Mimi simo. Sijui kama ananisitiri au hanihesabu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni dereva wa malori ya Kongo. Alipokuja kutupa pole aliniambia mbele ya watoto, "Shemeji, huo ustaarabu wako ndio utakaokuua. Wastaarabu ni chakula cha wahuni." Ameniletea panga jipya, bado lina grisi ya dukani, akalisukuma mwenyewe chini ya kitanda. Anasema yupo mtu anayeweza kunipatia bastola bila mlolongo wa vibali.

Kuna jambo moja zaidi. Wiki mbili baada ya tukio letu, alfajiri, mtaa ulilia "Mwizi! Mwizi!" Wakamkamata kijana mmoja pale kwa Mangi. Jirani akaja kunigongea: "Mwalimu, njoo, huenda ndiye wako." Nikaenda. Kijana mwenyewe ana umri wa wanafunzi wangu, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Niliutazama mkono wake kama una alama ya meno, nisione, damu ilikuwa nyingi. Mtu akanishikisha kipande cha nondo: "Mwalimu, fungua wewe." Nikakiweka chini taratibu, nikageuka, nikaenda nyumbani. Nyuma yangu nikasikia wanacheka, "Mwalimu anawahi kusahihisha." Nasikia polisi walimkuta hai.

Mjomba, nimelelewa kwamba muungwana hapigani barabarani. Sasa nauliza: mtu mstaarabu anaweza kujilinda na uhalifu unaomshukia ghafla namna hii? Au ni lazima achague moja, awe kama wao au awe windo lao? Lile panga nilibakishe? Na mwanangu nimwambie nini?

Mwalimu,
Gongo la Mboto

*

Marahaba mpwa wangu, na pole sana. Mtoto naye mpe pole yake peke yake, kutoka kwangu, mwambie Mjomba kaipata habari ya maembe.

La haraka kwanza. Hujasema kama uliripoti polisi. Kama mtoto alitibiwa kwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, basi taarifa ipo. Kama mlienda duka la dawa mkafungwa bandeji kimyakimya, nenda kituoni hata leo ukachukue RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Simu yenye laini ya jina lako ikikutwa kesho mfukoni mwa mtu aliyeua, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Na muulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda, bisibisi ya mtaani si chombo kisafi.

Sasa tuje kwenye ile sentensi yako, "Nami nikatulia." Nimeisoma mara tatu. Mpwa wangu, hukutulia. Ulitulizwa. Roba hubana mishipa mikubwa ya damu iliyo pande mbili za shingo, na ikibanwa sawasawa, mtu huzimika ndani ya sekunde kumi hivi. Masikio kuvuma na miguu kuwa si yako ni ubongo unaonyimwa damu, mwoga na shujaa wote wanavuma vilevile. Shemeji yako na mikono yake ya kushika usukani wa semitrela angekuwa chini pale pale, pengine juu ya embe.

Na hata asingekugusa mtu shingo, bado mwili ungeweza kuganda. Sisi tumezoeshwa kudhani kwamba mbele ya hatari kuna mawili, kupigana au kukimbia. Lipo la tatu. Watafiti wa Sweden waliwahoji karibu wanawake 300 waliofika kliniki ya Stockholm baada ya kubakwa, na matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba saba katika kila kumi waliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio: mwili haukusogea, sauti haikutoka. Hao nao walikuwa wakijilaumu kama unavyojilaumu wewe.

Shemeji anadhani dawa ya ghafla ni silaha. Wewe unakaa Gongo la Mboto, kwa hiyo sina haja ya kukueleza Stakishari iko wapi. Julai 2015 watu wenye silaha walikivamia kile kituo cha polisi usiku, wakaua polisi wanne na raia watatu, wakaondoka na bunduki. Wale walikuwa askari, wamefunzwa, wako kazini, na silaha wanazo. Ghafla haichagui mstaarabu na mshenzi. Anayekuja ghafla amejipangia saa, mahali na idadi ya watu, nawe ulikuwa na maembe. Bastola ya shemeji, kwa roba ile, ingekuwa kitu cha nne walichoondoka nacho baada ya simu, pesa na begi. Halafu mwezi ujao ingekuwa kwenye shingo ya mtu mwingine.

Hiyo ya "bila mlolongo" usiisikilize hata kwa utani. Kumiliki silaha ya moto bila leseni ni kosa kubwa, na ndani ya nyumba yako kuna mtoto wa darasa la tano aliyekwishajiona shujaa. Wewe ni mwalimu, hesabu hiyo unaimaliza bila mimi.

Panga je? Jaribu hivi: usiku wa leo lala kama unavyolala, kisha mwambie mkeo agonge mlango wa chumba bila taarifa. Ujihesabie inachukua muda gani kuinuka, kupiga goti, kuingiza mkono chini ya kitanda, kutoka na panga lile huku hujajua ni nani aliyeingia. Wanaovunja mlango kwa fatuma, lile jiwe kubwa, hawagongi. Jiwe likishapita mlangoni wako ndani, wanne au watano, na mapanga yao yako mkononi tayari. Mtu mwenye panga moja mbele ya watano mara nyingi amewapa sababu ya kumkata. Panga lako lioshe ile grisi, ulitie stoo, likafyeke majani.

Sheria isikutie hofu isiyo na msingi, lakini. Wengi wetu tunaamini kwamba ukimgusa mwizi wewe ndiye utakayefungwa. Sivyo ilivyoandikwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mwanao alipomng'ata yule kijana alikuwa ndani ya haki hiyo kabisa. Ila ukizidisha nguvu ukaua, sheria hiyohiyo inakuhesabia kosa la kuua bila kukusudia. Na mwizi akishakupa mgongo, hatari imekwisha. Ukimfuata ukamkata kisogo, hapo hujilindi tena.

Nimekutetea vya kutosha. Sasa nikulaumu kidogo, maana umeniita Mjomba na mjomba hasifii tu.

Ile "samahani" yako. Nimeipenda, na imenisikitisha. Mtu anakugonga gizani, kwenye uchochoro, wakati njia ni pana, na jambo la kwanza linalokutoka ni kuomba radhi kwa kugongwa. Mimi pia ndivyo nilivyo. Mwaka fulani niliporwa Manzese mchana, kijana aliniuliza saa ngapi, nami nikainama kumsomea saa kwa adabu zote, hadi dakika, akaivua mkononi huku nikiendelea kumsomea. Wakabaji wanaijua hii adabu yetu kuliko sisi. Ndiyo maana wanakuita "mzee", wanasema "tulia" kwa sauti ya msibani. Wanajua mtu aliyelelewa vizuri huona aibu kugeuka ghafla kumtazama aliye nyuma yake, huona aibu kukimbia kabla hajajua anakimbia nini, huona aibu zaidi kupiga kelele halafu ikawa si kitu. Aibu hiyo ndiyo inayowapa zile sekunde mbili.

Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya mafunzo waliyowapa wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu. Walikuwa 893, kundi moja likafunzwa saa kumi na mbili, jingine likapewa vipeperushi vya kawaida. Mwaka mmoja baadaye, waliobakwa katika kundi lililofunzwa walikuwa kama watano katika kila mia, na katika lile jingine karibu kumi. Kupiga na kujinasua kulikuwemo, lakini sehemu kubwa ilikuwa kujifunza kuitambua hatari mapema, na kuivunja ile adabu inayomfanya msichana akae kimya wakati moyo umeshamwambia "hapa si salama". Najua wao walikuwa wakifundishwa kuwakabili zaidi watu wanaowafahamu, si wakabaji wa uchochoroni. Aibu lakini ni ileile. Nairobi pia, kwenye mitaa kama Korogocho, wasichana wa shule wamekuwa wakifundishwa kupaza sauti kabla ya kurusha teke.

Unaniambia umelelewa kwamba muungwana hapigani barabarani. Kweli, lakini nani alikwambia muungwana hajilindi? Waungwana wa Lamu na Pate wa zamani hawakutoka nje mikono mitupu, mwenye cheo alitembea na jambia au upanga. Gedi, kule karibu na Malindi, magofu yake mpaka leo yana ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Na watu wa Lamu, ambao hakuna anayewashinda kwa salamu ndefu na kahawa chungu, ndio waliowapiga watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa pale Shela, yapata mwaka 1812. Hakuna aliyesema baada ya hapo kwamba wameacha ustaarabu.

Tazama pia baraza. Tunaisifu baraza kwa mazungumzo na bao, lakini baraza ni lindo. Wazee wanne wamekaa nje ya mlango kuanzia alasiri hadi isha, hapiti mtu wasiyemjua bila kusalimiwa, na salamu yenyewe ni swali: umetoka kwa nani, unaelekea kwa nani. Mtaani kwenu sasa hivi, kama ilivyo Goba, kama ilivyo Chanika, kila anayepata pesa anajenga ukuta wa futi nane na vipande vya chupa juu, anaingia ndani na kufunga geti. Mtaa umebaki hauna macho. Ule ukuta wa ghala uliokabwa chini yake umejengwa kuzuia wezi, na kweli unawazuia wasiingie ghalani. Nje umewapa kichaka cha zege.

Basi nirudi kwa yule kijana wa kandambili moja.

Ulipoweka ile nondo chini, ulifanya jambo gumu kuliko mwanao alivyong'ata mkono. Nakwambia hivyo bila kukupaka mafuta. Ripoti za haki za binadamu za nchi hii zimekuwa zikihesabu waliouawa na makundi ya "wananchi wenye hasira kali" kwa mamia katika mwaka mmoja, na baadhi yao hawakuiba hata sindano. Wewe ulitafuta alama ya meno, hukuiona. Wengine pale hawakutafuta kitu.

Halafu watu husema kuchoma wezi kunapunguza wezi. Unaikumbuka jioni ya tarehe 2 Januari 2015? Mji mzima ulikimbia, maduka yakafungwa, watu wakaruka kutoka kwenye daladala, "Panya Road wanakuja!" Wale vijana wa genge hilo walikuwa wanatoka wapi? Makaburini. Walikuwa wametoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi, wakaingia Magomeni na mitaa ya jirani wakipiga na kupora kila waliyemkuta. Na miaka saba baadaye, 2022, jina hilohilo la Panya Road likarudi vinywani mwa watu, safari hii na mapanga hadi vyumbani.

Kwa hiyo kuiweka nondo chini ulifanya sawa. Lakini uliondoka kimya, mpwa wangu, na hapo ndipo ulipokosea. Wewe ni mwalimu, mtaa mzima unakuita kwa cheo hicho, nusu ya wale waliokuwa wanapiga pengine umewafundisha. Sauti moja tu, "Basi! Nimeibiwa mimi, na mimi nasema apelekwe kituoni," halafu simu ya 112, halafu kumtuma mtoto kwa mwenyekiti wa mtaa. Huenda wangekupuuza. Huenda wawili wangeacha, na wawili wakiacha wa tatu huona haya. Uliona aibu kupaza sauti mbele ya majirani kama ulivyoona aibu kugeuka ulipogongwa bega. Shemeji anadhani umepungukiwa na mkono. Mimi naona ni koo.

Na koo linafundishika. Anza na neno. Usitumie "mwizi", maana neno hilo hapa kwetu linaua, na mkabaji mjanja akiliwahi yeye, akakunyooshea kidole wewe, utaeleza nini ukiwa na matairi shingoni? Sema "Nakabwa!" Ni neno moja, linaeleweka, linaleta watu kwako badala ya kuwatuma wamtafute mtu wa kupiga. Ulipigie mazoezi, wewe na mke na watoto, hata chooni ukitaka, ila lipigiwe mazoezi kwa sauti yenyewe kamili. Mara ya kwanza mtacheka na jirani atachungulia. Ni vizuri achungulie.

Kwenye roba yenyewe: nafasi ni fupi, ni zile sekunde za mwanzo. Kidevu kiingie chini kuelekea kiwiko cha anayekukaba, kwa sababu kwenye kiwiko ndiko kuna uwazi, na mikono yako yote miwili ing'ang'anie mkono wake kuuvuta chini upate hewa. Hilo halifundishwi na safu ya ushauri. Tafuta kilabu cha judo au karate, mjini hazikosekani, nenda na mwanao miezi mitatu. Sikutumi ukawe mpiganaji. Mwili uliowahi kukabwa mara mia kwenye mkeka, na mtu anayecheka, unapokabwa mara ya mia na moja huchelewa kuganda.

Wakitaka mali, wape. Simu, begi, viatu, wape, na ikiwezekana irushe pembeni wakaiokote huku wewe na mtoto mnakimbilia upande mwingine. Jambo hubadilika wanapotaka kukupeleka mahali, kukuingiza kwenye gari, kukuvuta kichakani, au wanapomshika mtoto. Hapo usiwe na samahani yoyote: piga, ng'ata, tupa mchanga machoni, piga kelele hadi sauti ikatike, kwa sababu huko wanakokupeleka mambo ni mabaya zaidi kuliko hapo mlipo.

Na ile njia ya mkato, kwa nini bado ni giza? Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, walipochoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi, hawakusubiri. Ndiko Sungusungu walikoanzia. Mishale ilikuwapo, ndiyo, lakini kilichowatisha wezi zaidi ni yowe, ule mwano wa Kisukuma: akilia mmoja anapokea wa pili, kijiji kinampokeza kijiji, mwizi na ng'ombe wake hana pa kupitia. Baadaye kuna waliowageukia watu wasio na hatia, wakaua kwa tuhuma za uchawi, na hilo sitalipamba. Ila filimbi na yowe vilikuwa na akili. Mtaa wenu ukinunua filimbi hamsini, kila nyumba moja, mkapatana kwamba ikilia moja wote wanatoka nje na taa, na atakayekamatwa anakaa chini hadi polisi wafike, hamtakuwa mmefanya jambo la kishenzi. Mpe wazo hilo mwenyekiti. Lipeleke wewe, mdomo kwa mdomo, kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya wale waliocheka.

Umebaki mtoto.

Humo katika hadithi yake hajakutoa kwa dharau, nadhani. Alikuuliza kama umekufa. Mtoto wa miaka kumi au kumi na moja aliyemwona baba yake chini kwa muda, hata kama ni nusu dakika, hana pa kumweka baba huyo kwenye simulizi ya kishujaa, kwa hiyo anamruka. Mmeketi naye mkazungumza tangu siku hiyo? Barua yako ina shemeji, ina jirani, ina watu wa kwa Mangi. Mazungumzo yako na mwanao sikuyaona.

Jumamosi hii, mchana, mchukue mpite pale ukutani, ninyi wawili. Mwache akuonyeshe alisimama wapi, wewe ulikuwa wapi, yule mtu alitokea upande gani. Mweleze roba inavyofanya kazi, mwambie kwa maneno yako kwamba baba alikuwa anazimika na kwamba aliogopa sana. Mshukuru. Halafu mwambie, na hili ulisisitize, kwamba safari nyingine akimbie kwanza kuelekea dukani huku akipiga kelele, asirukie mtu, kwa sababu bisibisi ilikosa kifua chake kwa kipimo cha kiganja. Atabisha. Ana haki ya kubisha, meno yake yalifanya kazi.

Na wale wa kidato cha pili waambie kwamba karatasi zao hazikunyeshewa.

Ukishamwona mwenyekiti kuhusu filimbi, niandikie tena. Mwulize pia kama mwenye ghala yuko tayari kuweka taa mbili juu ya ule ukuta wake, upande wa nje.

Mjomba